Kwa Nini Nilikataa Kutengeneza Tangi la Mvuke

Mwaka jana, korosho zilipoanza kushuka kutoka mashambani, mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho huko Newala alifika kwenye karakana yetu hapa Mtwara akiwa na picha katika simu yake. Picha ilionyesha tangi la chuma lililolazwa juu ya miguu minne, lenye mlango wa duara upande mmoja, geji juu yake, na bomba la mvuke lililoingia kwa chini. Lilikuwa tangi la kupikia korosho ghafi kwa mvuke kabla ya kubanguliwa, na mshono wake mmoja ulikuwa umeanza kuvuja. Alitaka jingine la namna hiyo hiyo. "Mwanangu," aliniambia, "nimesikia mafundi wenu ndio wanaochomelea vizuri hapa mjini. Nipigieni hesabu, niache kianzio leo leo."

Nilimwambia, "Mama, hilo hatuwezi kukutengenezea." Akageuka kutazama uani, ambako fundi wetu mkongwe alikuwa anamalizia tangi la maji la lita 5,000, mshono wake umenyooka kama wa cherehani. "Na lile je?" akauliza. "Lile si tangi?" Jibu nililompa tukiwa tumesimama mlangoni halikutosha, na nililiona usoni mwake. Tangu siku hiyo nimekuwa na deni la maelezo kwake na kwa mafundi wenzangu wa Kusini ambao huulizwa swali hilo hilo kila msimu. Mimi nilianza kazi nikiwa fundi wa kuchomelea, nikawa mtunza boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda kimoja cha korosho, na sasa kazi yangu katika karakana hii ni kusimamia ubora. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa mikono kabla ya kuyasoma.

Tangi la maji hubeba uzito wa maji yaliyomo, na likitoboka, sakafu italowa na kazi itasimama kwa siku moja. Chombo cha shinikizo huhifadhi nguvu iliyobanwa, inayotafuta pa kutokea usiku na mchana. Tuchukue mlango wa tangi lile la Newala, ambao kipenyo chake niliukadiria kuwa sentimita 80. Mvuke wa bar 2, yaani shinikizo linalokaribiana na la tairi la gari dogo, unausukuma mlango huo kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 10. Mpishi wa korosho anasimama mbele ya mzigo wa lori zima ulioegemezwa kwenye komeo chache, na anaufungua mlango huo mara nyingi kwa siku. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vinadai kwamba mlango wa kufunguliwa haraka uwe na kifaa kinachouzuia kufunguka kabla shinikizo lote halijatoka, na kwamba aliye mbele yake awe na njia ya kujua kuwa ndani bado kuna nguvu. Katika picha ya mama yule sikukiona kifaa hicho.

Maji ya moto yana hatari yake ya pekee. Ndani ya boila lenye shinikizo la bar 10 maji hukaa yakiwa maji ingawa joto lake limefika nyuzi 180 hivi za Selsiasi, kwa sababu shinikizo linayazuia yasichemke. Ukuta ukipasuka, kizuizi hicho huondoka mara moja, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji iliyogeuka mvuke wote hutaka nafasi ya lita zipatazo 1,600. Hakuna ukuta wa matofali uliojengwa kwa ajili ya jambo hilo.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa ufundi nilipoona kwa macho yangu mtungi ukipasuka. Haukuwa wa mvuke; ulikuwa mtungi wa upepo wa fundi pancha mmoja, aliokuwa ameutengeneza kwa mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia na kompresa iliyotolewa kwenye friji mbovu, kama wanavyofanya mafundi pancha wengi. Kitako cha mtungi kilichomoka, kikatoboa bati la kibanda na kuangukia uwanja wa jirani. Fundi mwenyewe alikuwa amevuka barabara kununua chapati, na hilo ndilo lililomwokoa. Kesho yake tulikaa naye juu ya benchi lake, akanieleza bila kuficha kwamba vali ya usalama, ile inayoachia upepo shinikizo likizidi, ilikuwa inavujisha upepo, basi alikuwa ameitoa na kuziba tundu kwa bolti. Sikumcheka wakati ule na simcheki leo. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza vali ile ni ya nini, na mtungi wenyewe haukuwa na kibati hata kimoja kilichosema ulitengenezewa shinikizo gani.

Dunia ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa mno. Tarehe 27 Aprili 1865 meli ya mvuke iitwayo Sultana ililipuka katika mto Mississippi, karibu na Memphis, ikiwa imejaa askari waliokuwa wanarudi kutoka vitani, na watu zaidi ya elfu moja walikufa. Siku chache kabla, boila lake moja lilikuwa limezibwa kiraka cha bamba jembamba kuliko ukuta wa asili, kwa sababu kazi ilifanywa kwa haraka. Miaka 40 baadaye, tarehe 20 Machi 1905, boila la kiwanda cha viatu cha Grover huko Brockton, katika jimbo la Massachusetts, lilipasuka, likapaa kupitia paa, na jengo likaporomoka na kushika moto; watu 58 walipoteza maisha. Ufa ulikuwa umejificha ndani ya mshono ambao mabamba yake yalipandanishwa, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Mwaka 1907 jimbo hilo likaweka kanuni za boila kisheria. Mwaka 1911 Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi ASME, kikaunda kamati ya kuandika kanuni ambazo kila jimbo lingeweza kuzitumia, na toleo la kwanza, la mwaka 1914, likachapishwa mwaka 1915. Sehemu inayohusu vyombo vya shinikizo visivyopashwa moto, inayoitwa Sehemu ya Nane, ilifuata mwaka 1925.

Kila ninaposoma habari ya Sultana huwaza kile kiraka. Nimeviona viraka vya namna hiyo. Katika kiwanda nilichotunzia boila, tangi moja la mvuke lilivuja, na msimamizi akaita fundi kutoka mtaani, ambaye alipiga kiraka kwa bamba alilolikuta pembeni na vijiti vya kuchomelea alivyokuja navyo mfukoni. Saa mbili baadaye mvuke ulikuwa umerudishwa. Hakuna aliyepima unene wa bamba lile, hakuna aliyejua ni chuma gani, na hakuna aliyeandika popote kwamba kazi hiyo ilifanyika. Nilikuwa mdogo kazini na nilinyamaza. Ningependa kusema kwamba nilipinga, lakini sikupinga.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: kwa nini fundi anayeweza kushona bamba vizuri asiweze kutengeneza tangi la mvuke? Jibu linaanzia kwenye hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme tunataka tangi la mviringo lenye kipenyo cha ndani cha mita 1, litakalobeba shinikizo la bar 10. Tunachagua bamba la chuma cha kaboni la aina ya SA-516 Daraja la 70, ambalo hutumika sana katika vyombo vya shinikizo. Chuma hicho hakikatiki mpaka mkazo, yaani nguvu inayokivuta kwa ndani, ufikie angalau megapaskali 485, lakini Sehemu ya Nane ya kanuni za ASME, katika Kitengo chake cha Kwanza, haituruhusu kukitumikisha zaidi ya megapaskali 138 katika joto la kawaida la kazi, yaani nguvu yake imegawanywa kwa 3.5. Halafu kanuni inauliza swali la pili: je, mshono wako umekaguliwa vipi? Ukiwa umepigwa eksirei wote, unahesabiwa kuwa na nguvu kamili ya bamba. Ukipigwa kwa sehemu, unahesabiwa kuwa na asilimia 85. Usipopigwa kabisa, unahesabiwa kuwa na asilimia 70 tu, hata kama uliuchomelea wewe fundi hodari kuliko wote wa Mtwara na Lindi.

Ukiingiza tarakimu hizo katika fomula, ukuta wa tangi letu lenye mshono uliokaguliwa wote unahitaji unene wa milimita 3.6 hivi, na lile lenye mshono usiokaguliwa linahitaji milimita 5.2. Kwa kuwa ndani ya tangi kutakuwa na maji yaliyopoa na kutu itakula, tunaongeza, tuseme, milimita 1.5. La kwanza litahitaji bamba la milimita 6, la pili bamba la milimita 8. Tofauti hiyo ya milimita 2 haikutokana na shinikizo wala na ukubwa wa tangi. Imetokana na kujua au kutojua kilichomo ndani ya mshono. Zamani kigawanyo kile cha 3.5 kilikuwa 4, na kilipunguzwa mwaka 1999 kwa sababu vyuma, uchomeleaji na ukaguzi vilikuwa vimeimarika vya kutosha kuaminiwa. Mimi nimelielewa hivi: katika kazi hii karatasi ni sehemu ya unene wa chuma. Asiye na ushahidi analipa kwa kilo za bamba, na asiyetaka kulipa kwa lolote kati ya hayo mawili anawaachia wengine walipe.

Fomula hiyo inahusu mshono wa urefu, na hapo pana jambo ambalo mafundi wetu wengi hawajaambiwa. Katika tangi la mviringo, mkazo unaovuta mshono wa urefu ni mara mbili ya ule unaovuta mshono unaozunguka. Ndiyo maana bomba likizidiwa hupasuka kwa urefu wake. Ninaona mafundi wakiweka bidii yao yote kwenye mshono wa kitako, ambao wateja huuona, na kuumaliza ule wa urefu harakaharaka, kisha kuugeuzia ukutani.

Bamba lenyewe lina historia, na hapa watu wa Kusini wanapaswa kuelewa haraka kuliko wengine kwa sababu tunaishi na stakabadhi ghalani. Korosho za mkulima wa Tandahimba hupimwa kwenye chama chake cha msingi, huwekwa daraja, hupelekwa ghalani, na karatasi inafuata mzigo mpaka mnadani. Mnunuzi akikuta mchanga ndani ya gunia, anajua aanzie wapi kuuliza. Bamba la chombo cha shinikizo hutembea hivyo hivyo. Chuma kinapoyeyushwa, kila mmiminiko wa tanuri hupewa namba, na kiwanda hutoa cheti kinachoeleza kaboni ni kiasi gani, manganizi kiasi gani, na sampuli ilivutwa mpaka ikakatika kwa mkazo upi. Namba hiyo hugongwa kwenye bamba. Ukikata bamba vipande viwili, lazima namba ihamishiwe kwenye kipande kisicho nayo kabla ya kukata, kwa sababu kipande kisicho na namba hakiingii tena katika chombo hata kama mlikikata wenyewe asubuhi ya leo. Mabamba tunayonunua katika maduka ya vifaa vya ujenzi hayana karatasi hiyo. Yanafaa sana kwa mageti, kwa matela na kwa matangi ya maji, na sina neno baya juu yake, lakini hakuna anayeweza kuniambia yalizaliwa wapi.

Halafu inakuja kazi ya kuchomelea, ambayo ndiyo niipendayo na ambayo nitakaa nayo kidogo. Kanuni ya ASME ina sehemu nzima, ya Tisa, inayohusu jambo hili. Kabla ya kugusa chombo, karakana inaandika utaratibu wa kuchomelea: aina ya bamba, unene, aina ya kijiti, umeme wa ampea ngapi, mkao gani, joto la kuanzia. Kisha inachomelea kipande cha majaribio kwa utaratibu huo huo, inakikata vipande, inavivuta mpaka vikatike na kuvikunja, na matokeo yanaandikwa na kutiwa saini. Utaratibu ukifaulu, kila fundi naye anapimwa peke yake katika mkao anaotaka kuruhusiwa. Fundi akikaa zaidi ya miezi 6 bila kutumia njia ile ya kuchomelea, ruhusa yake inakwisha na anapimwa upya. Fundi wetu mkongwe alipolisikia hilo mara ya kwanza aliona kama anatukanwa. "Miaka yote hii, mwanangu, nikapimwe kama mtoto wa shule?" Nilimjibu, "Shikamoo mzee, hawapimi heshima yako. Wanapima mshono wa leo." Alifikiri siku mbili, kisha akaniomba kipande cha bamba akafanyie mazoezi, na sijaona mtu aliyejiandaa kwa bidii kama yeye.

Unyevu wa pwani yetu ni adui ambaye haonekani kwenye mshono. Vijiti vya E7018, vinavyofaa kwa chuma cha namna hii, vimefunikwa unga unaopaswa kubaki mkavu. Pakiti ikifunguliwa na kuachwa mezani hapa Mtwara, ambako hewa ya bahari inaingia mpaka kabatini, unga hunyonya maji, maji hayo hutoa hidrojeni ndani ya chuma kilichoyeyuka, na mshono unaoonekana safi jioni unaweza kupata ufa usiku wakati kila mtu amelala. Kwa hiyo vijiti hukaa katika tanuri dogo lenye joto la nyuzi 120 hivi au zaidi, na fundi huchukua vichache kwa wakati. Fundi wa mtaani anayebeba vijiti mfukoni hana uzembe. Hajawahi kuonyeshwa ufa uliotokea baada ya saa nane za usiku.

Watu huniambia, "Basi si mlijaze maji na kulipima tu?" Jaribio la maji lipo, na katika Kitengo cha Kwanza hufanywa kwa shinikizo la mara 1.3 ya lile linaloruhusiwa, pamoja na marekebisho ya joto. Tunatumia maji kwa sababu maji hayabanwi kirahisi: tangi likishindwa, shinikizo huanguka mara moja. Hewa ni jambo jingine. Tangi la lita 200 lililojazwa hewa ya bar 8 limehifadhi nishati inayotosha kunyanyua gari la tani moja mpaka urefu wa mita 20 hivi, na nimewahi kusikia mafundi wakijisifu kwamba wanapima matangi kwa kompresa na sabuni. Ninawasihi waache. Hata hivyo jaribio la maji linajibu swali moja tu, la kama tangi limehimili leo. Halisemi bamba litakuwaje baada ya kupashwa moto na kupozwa mara elfu nyingi, wala haliuoni ufa mdogo ambao haujakua. Boila la Brockton nalo lilikuwa limefanya kazi kwa miaka mingi kabla ya asubuhi ile.

Kwa mtengenezaji anayetaka muhuri wa ASME, yaani alama inayoonyesha kwamba chombo kimefuata kanuni hizo, yote niliyoyataja huingia katika kitabu kimoja kinachoitwa mwongozo wa kudhibiti ubora, unaoeleza nani anaidhinisha michoro, nani anapokea mabamba, nani anatunza vijiti, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi na anaripoti kwa nani. Mtengenezaji huingia mkataba na wakala wa ukaguzi aliyeidhinishwa, ambaye mkaguzi wake hafanyi kazi kwa mtengenezaji na hapokei maagizo yake. Kisha timu ya wakaguzi hufika karakanani, husoma mwongozo, na kutazama chombo cha mfano kikitengenezwa ili kuona kama watu wanafanya walichoandika. Wakiridhika, cheti hutolewa kwa miaka 3, na baada ya hapo ukaguzi hurudiwa. Herufi zilizo chini ya alama huonyesha kazi iliyoruhusiwa: U ni vyombo vya Kitengo cha Kwanza, S ni maboila ya mvuke. Kila chombo hutoka na taarifa yake, iliyosainiwa na mtengenezaji na mkaguzi, na kibati chenye shinikizo la juu linaloruhusiwa, joto lake, namba yake na mwaka wake.

Nataka niseme jambo hapa kwa sababu limewahi kutumika kuwadanganya wanunuzi: cheti cha ISO 9001 hakichukui nafasi ya muhuri huo. ISO 9001 huangalia jinsi kampuni inavyoendesha shughuli zake, iwe inatengeneza sabuni au inasafirisha abiria, na haisemi neno lolote juu ya unene wa ukuta wa boila. Ni cheti chema kwa kazi yake.

Wala muhuri wa Marekani sio pekee unaostahili heshima. Ulaya ina agizo lake kuhusu vifaa vya shinikizo, ambalo toleo lake la sasa ni la mwaka 2014. Linaanzia juu ya bar 0.5, linagawa vifaa katika makundi kwa hatari yake, na vifaa vya makundi ya juu hupitiwa na chombo huru cha ukaguzi kabla ya kuwekwa alama ya CE. China ina kiwango cha GB 150 na leseni za watengenezaji. India ina Kanuni za Boila za mwaka 1950, ambazo watu wa korosho hukutana nazo mara kwa mara kwa sababu mashine nyingi za ubanguaji hutoka huko. Nimewasikia wenzangu wakidharau tangi kwa kuwa kibati chake kina maandishi ya Kichina. Kosa halipo katika lugha. Kosa lipo pale ambapo kibati kimekuja bila taarifa yake, au kimepigwa ribiti juu ya rangi mpya ili kuficha kingine, jambo nililoliona mara moja na ambalo lilinifanya nisimamishe tangi hilo siku ile ile.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wakaguzi wao hukagua maboila na mitungi ya hewa iliyobanwa viwandani, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye jukumu la viwango vya bidhaa. Anayetaka kupiga eksirei kwenye mishono anahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa sababu mionzi hiyo haina msamaha. Ninawaambia wamiliki wa viwanda vidogo kwamba mkaguzi wa OSHA akija wasimkimbie. Mtu aliyekuja kutazama vali yako kabla haijakwama amekuja kukulinda.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kuliko tangi la korosho. Gesi iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, na Mnazi Bay, hapa Mtwara, mwaka 1982. Tangu mwaka 2015 bomba la inchi 36 linaipeleka gesi Dar es Salaam, na kabla ya kuingia bombani gesi hiyo hupita katika mitambo ya Madimba na Songo Songo, ambako hutenganishwa na maji katika vyombo vya shinikizo. Katika miaka yangu yote ya kazi, zabuni zilizoifikia karakana yetu zilikuwa za ngazi, reli za mikono, vibanda vya walinzi na matangi ya maji. Kazi ya vyombo vyenyewe haikupita mlangoni kwetu, na nikiwa mkweli, ingepita tusingeweza kuijibu, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa zabuni za namna hiyo huuliza cheti. Kule Likong'o, mkoani Lindi, limetengwa eneo la mradi wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, na gesi hiyo hufikia nyuzi 162 chini ya sifuri, ambako chuma cha kaboni cha kawaida huvunjika kama kigae. Sitarajii karakana yangu itengeneze vyombo vya baridi hiyo. Natamani vijana wa Lindi na Mtwara wafike siku hiyo wakiwa tayari wanajua kusoma cheti cha bamba, kutunza kijiti kikavu na kusaini kwa jina lao chini ya mshono walioushona, maana mafunzo hayo hayanunuliwi wiki moja kabla ya mradi.

Mama wa Newala nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja ya kumpelekea muuzaji yeyote atakayemwendea, ikidai michoro yenye hesabu, vyeti vya mabamba, rekodi za wachomeleaji, taarifa ya jaribio la maji iliyosainiwa na mkaguzi asiyekuwa mfanyakazi wa muuzaji, na kifaa cha kuuzuia mlango. Wauzaji wawili hawakumjibu tena. Wa tatu alileta karatasi zote isipokuwa cheti cha vali ya usalama, akaambiwa akilete, akakileta. Tangi lilichelewa, na sehemu ya msimu ilimpita akikausha korosho na kungoja. Alinipigia simu mara mbili akiwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo, kwa sababu hasara ilikuwa yake na maneno yalikuwa yangu.

Nasi tumeanza. Hatuna fedha za kuomba muhuri wa kimataifa sasa, na sidhani tunapaswa kuanzia huko. Tumeandika mwongozo wa kurasa 31 kwa Kiswahili, kwa sababu mwongozo ambao fundi hausomi hauongozi kitu. Tumenunua tanuri dogo la vijiti. Kila tangi la maji tunalolitengeneza, ingawa halihitaji, lina jalada lake lenye namba ya bamba, jina la fundi na picha za mishono. Wiki iliyopita kijana wetu mwanagenzi alikuwa peke yake uani, akijiandaa kukata kipande kutoka bamba letu la kwanza lenye cheti. Nilimtazama kupitia dirisha. Aliweka grenda chini, akachukua nyundo na herufi za chuma, akapiga magoti, na kuanza kuigonga namba ya tanuri upande wa pili wa mstari wa chaki, tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akaisoma kwa sauti akiilinganisha na ile ya asili.